Bomba Hutangulia Sahani

Papa yangu alikuwa na nasaba mbili, na zote mbili zilikaa ndani ya kitabu kimoja. Ukikifungua kutoka kulia, kwa herufi za Kiarabu, unakutana na babu zetu, watu walioteremka mto pamoja na misafara ya pembe, wakaoa hapa Kisangani, wakasahau kurudi. Ukikigeuza na kukifungua kutoka kushoto, kwa herufi za mapadri, unakutana na mizinga.

Upande wa mizinga niliuandika mimi. Nasema hivyo kwa majivuno ambayo baadaye yalinitokea puani.

Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri, miaka ya kutosha kunifanya niidharau kazi ya mikono, lakini isiyotosha kunipa kazi ya kalamu. Kwa hiyo nilikaa nyumbani na mama tukishona kofia. Mama alikata, mimi nilidarizi. Umri wangu ulikuwa wa mwanaume mwenye mke na watoto wawili, ila ili kuoa ni lazima mtu atoke nje, na hakuna msichana aliyewahi kupita barazani kwetu akauliza kama kuna bwana anayemsubiri. Mtaani, nyuma ya msikiti, walinifananisha na kuku anayelalia mayai. Sikukasirika. Kuku huyo hanyeshewi.

Papa aliacha jeshi kabla ya uhuru. Alikuwa askari wa mizinga katika jeshi la Wabelgiji, na wakati wa vita vikubwa yeye na wenzake walichukuliwa kutoka hapa, wakapitishwa Sudani, wakapelekwa Abisinia kupigana na Waitaliano. Mzinga wao ulibebwa vipande. Mmoja alibeba bomba, mwingine miguu, mwingine sahani, yaani lile bati zito la chuma linalolazwa chini ili mzinga ukipiga usididimie matopeni. Papa alibeba sahani. Mpaka anakufa alikuwa na alama mgongoni, nusu duara, na mama alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye aliolewa na kifuniko cha sufuria.

Bomba lilibebwa na rafiki yake, mvuvi wa Wagenia, mtu wa maporomoko, Mkristo, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na maji. Nilimwita tonton, yaani mjomba. Kila juma alipanda kutoka kwenye maporomoko na kapu la samaki, akaketi na papa barazani, mama akawaletea lituma ya moto, ndizi za kuponda, nao wakaanza kugombana kuhusu vita.

Papa aliikariri nasaba ya bataliani yake kama sisi tunavyosoma ya babu. Mizinga midogo ya milimani, iliyobebwa vichwani na wapagazi mpaka Tabora katika vita vya kwanza, ilizaa bateri, yaani kundi la mizinga. Bateri ikavunjwa, ikalala miaka mingi, ikaamka tena ikawa kikosi chao cha Abisinia. Kikosi kikarudi nyumbani kikazaa bataliani. Na kila kizazi kiliacha jina lake la vita kwenye bendera, kwa uzi wa rangi ya dhahabu: Tabora, Asosa, Gambela, Saio. Papa alikuwa ameitazama bendera ile kila asubuhi kwa miaka, akijipanga chini yake, na aliamini kwamba Tabora ni yake ingawa ilipopiganwa yeye alikuwa bado ananyonya.

"Babu yako alipanda mbali na hapa," aliniambia, "lakini safari yake ni yako ao si yako?"

"Ni yangu, papa."

"Basi Tabora ni yangu."

"Na Saio?" tonton alidakia, mdomo umejaa lituma. "Andika kweli, mutoto. Pale Saio adui ya kwanza ilikuwa tumbo. Tulihara mupaka Waitaliano balituonea huruma, bakanyosha mikono."

"Tulishinda!"

"Tulishinda, ndeko, ndugu yangu. Sijakatala. Nasema tu tulishinda tukichuchumaa."

Yote hayo niliyaandika, isipokuwa kuchuchumaa. Ukurasa wa kwanza niliweka kichwa cha habari kwa Kifaransa, herufi kubwa zenye mikia, kama nilivyofundishwa. Ukurasa wa pili niliweka vile vita vinne, na historia yake kila kimoja. Kurasa zilizofuata zilikuwa za watu: wale waliobeba mizinga pamoja nao na hawakurudi. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa na kwa tumbo, wakafukiwa kando ya njia, na safari ikaendelea. Kumi na saba niliwaandika, kwa kinywa cha papa na cha tonton, wakisaidiana kukumbuka, wakibishana jina la nani lilianza na herufi gani wakati wote wawili hawakujua kusoma.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu. Kitabu cha nasaba hakisomwi kwa kufurahisha watu. Kinasomwa kwenye harusi na kwenye matanga. Msomaji anataja jina moja moja la aliyekufa, na waliohudhuria wanaitikia, Mungu amrehemu. Wafu wanaandikwa kwa wino mwekundu, wazima kwa mweusi. Msomaji akifika kwenye weusi anafunga kitabu, kwa maana kumrehemu mtu anayepumua ni kumchimbia kaburi. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua hivyo kabla hajajua kufunga mkanda.

Mwisho wa orodha walibaki wawili walio hai, papa na tonton, na vikazuka vita vya tano, visivyo kwenye bendera: nani aandikwe mbele.

"Miye," tonton alisema. "Bomba inatangulia sahani. Uliona wapi sahani inatembea mbele?"

"Bila sahani bomba lako lingezama kama kiboko."

"Ndiyo. Lakini batu baliona bomba. Nani aliona sahani? Ilikuwa chini, imelala, kama kijana yako huyu."

Papa alicheka mpaka akajipangusa macho. "Muandike mbele," akaniambia. "Nampisha. Ni mutu ya maji, akichelewa atalia."

Nikawaandika, tonton kwanza, papa nyuma yake. Na kwa kuwa nilikuwa fundi wa kudarizi, mtu mwenye jicho la urembo, niliona majina mawili meusi chini ya kumi na saba mekundu yanaharibu ukurasa. Yalionekana kama kiraka. Nikayaandika kwa mwekundu.

Mama aliyaona aliponiletea chai. Hakujua kusoma, rangi alizijua.

"Wazima kwa wekundu?"

"Mama, ni upande wa jeshi, si upande wa babu. Jeshi halina desturi hiyo."

"Kifo nacho kitajua kimesimama upande gani?"

Nilimwambia kwamba mapadri walitufundisha mambo ya sayansi. Akaondoka na birika, na chai hakunimiminia.

Uhuru ulikuja, na askari wakaasi wiki hiyohiyo, na bataliani ikapewa jina jipya, kisha jingine. Papa na tonton walivaa makoti, wakaenda kambini kuiangalia bendera yao. Walirudi mapema. Bendera ilikuwa imeshushwa, na askari waliyemkuta langoni, mgeni, aliwaambia hajui ilipo, na kwamba mambo ya Tabora ni ya wakoloni.

"Alituita wazee," papa alisema.

"Tuko wazee," tonton akamjibu.

"Si vile alivyosema yeye."

Baada ya hapo papa alianza kukitazama kitabu kwa jicho jingine. Hakuwa na bendera tena, alikuwa na kurasa zangu. Akaniomba nimsomee vita mara moja kwa juma, tonton akiwepo, na nikiruka neno alinirudisha nyuma kama mwalimu mkali. Mimi nilijiona mtunza hazina wa jeshi zima, na kazi yenyewe, jambo jema kuliko yote, ilifanyika barazani.

Waasi waliingia mji katika mwaka wa tano wa uhuru, wakati wa kiangazi kifupi. Sitaeleza walitoka wapi wala walitaka nini. Wapo waliosoma zaidi yangu wanaobishana mpaka leo. Nitasema tu nilivyoona kutoka dirishani, ambako ndiko nilikoona kila kitu maishani mwangu. Walivaa majani na vipande vya ngozi, walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwapate, na hawakutaka kuguswa na mtu asiye mwenzao, maana dawa ingeharibika. Walitafuta askari wa serikali. Kisha wakatafuta waliokuwa askari zamani. Kisha makarani, walimu, mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Watu walipelekwa mjini kati, Makiso, na baadhi yao hawakurudi.

Mama hakungoja kuambiwa. Alichoma kitabu cha jeshi cha papa, kile kidogo chenye picha yake. Nishani yake ya vita aliizika chini ya mafiga, akawasha moto juu yake. Kisha akanyoosha mkono kutaka kitabu cha nasaba.

"Hapana," papa alisema.

"Kuna mizinga ndani."

"Kuna baba yangu ndani."

Walitazamana. Mimi nikatoa shauri, na nakumbuka lilinifurahisha sana: tung'oe kurasa mbili tu, ile ya kichwa cha Kifaransa na ile ya vita. Zilizobaki ni majina ya watu, na jina la mtu halina sare.

Papa alizishika kurasa zile mbili muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini alijua kila jina lilipokaa, akapitisha kidole: Tabora, Asosa, Gambela, Saio. "Chukua," akamwambia mama. "Chukua vita yote. Niachie watu."

Zilichemsha maji ya chai.

Walikuja siku ya Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, waasi sita au saba, na mkubwa wao, mtu mzima wa karibu rika la papa, mwenye lafudhi ya Maniema na jani la mchikichi kifuani. Alivua kandambili kabla ya kukanyaga mkeka wetu. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kwetu, tumepona. Ndivyo hesabu zangu zilivyo.

"Hapa iko askari?"

"Iko mshona kofia," papa alisema, akaninyooshea kidole. Nikainua sindano kama ushahidi.

Wakapekua. Mama alisimama mbele ya sanduku, lakini kwa kuwa hawakutaka kuguswa, walimwambia tu asogee, naye akasogea polepole sana. Mkubwa akatoa kitabu. Alikifungua kutoka kushoto, kama alivyowaona mapadri wakifungua vyao.

"Hii ni maandishi ya wazungu."

"Ni nasaba, papa," nilisema. Nilimwita papa, mbele ya papa yangu. "Kule kwingine ni upande wa baba. Huku ni upande wa mama. Iliandikwa baadaye."

"Nani aliandika? Weye? Kumbe uko intellectuel."

"Hapana, papa. Mimi ni kofia."

Mmoja wa vijana wake akacheka. Mkubwa hakucheka. Akaniwekea kitabu magotini, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa wale kumi na saba, akaketi mkekani, akawaambia wenzake wakae.

"Nasaba najua. Hata kwetu iko. Soma, tuitikie."

Kama kulikuwa na mwenye kujua kusoma kati yao, alinyamaza. Siku zile kujua kusoma halikuwa jambo la kujitangazia. Kwa hiyo ningeweza kusema lolote. Ningeweza kubuni babu kumi, mabibi ishirini. Miaka yote ya kukaa ndani nikiota mchana, na nilipotakiwa kubuni jina moja tu kichwa kilikuwa kitupu kama kibuyu. Nikasoma kilichoandikwa.

Nikasoma jina la kwanza. Wakainamisha vichwa, waasi na majani yao, mama mlangoni, papa kwenye kiti chake. "Mungu amrehemu."

Jina la pili. "Mungu amrehemu."

Walikuwa wanaume waliokufa njaa kando ya barabara ya Abisinia zaidi ya miaka ishirini nyuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitikiwa. Sasa walikuwa wanarehemiwa, tena vizuri, na watu ambao wangewapiga risasi kama wangekuwa hai. Nilimwona papa. Midomo yake ilifuata kila jina. Sauti yangu ikapata nguvu. Naona haya kulisema, lakini nilianza kusoma vizuri, kwa mahadhi, kama imamu. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Nilikuwa nafuata wekundu, kama msomaji yeyote wa kwetu anavyofuata wekundu, na wekundu haukuisha. Nikasoma jina la tonton.

"Mungu amrehemu," wakaitikia wote.

Na papa akaitikia. Alisikia, aliinua macho akaniangalia, na kinywa chake kikamalizia maneno, kwa sababu mkubwa alikuwa anamtazama na asiyeitikia angeulizwa kwa nini. Chini yake niliona jina la papa. Nikafunga kitabu.

"Huyu ya mwisho," mkubwa alisema, "ile jina si ya mutu ya Wagenia?"

"Ni tonton yangu. Kwa upande wa mama." Nilisikia mama akivuta pumzi. Ukoo wake ni wa washonaji, hata kuogelea hawajui. "Alizama."

"Wagenia alizama?"

"Maji yalikuwa mengi, papa."

Alinitazama. Kisha akasema pole, akavaa kandambili, akamwambia papa asitoke mtaani mpaka waandike majina ya wazee wote, akaondoka na watu wake. Kwenye kona, penye bariera yao, kizuizi cha barabarani, waliketi. Kutoka dirishani kwangu niliwaona wakila karanga.

Papa alizungumza kwanza. "Kesho ni Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa siku ya tonton. Angekuja na kapu, angefika kwenye bariera ile, angeulizwa jina, na angelitaja kwa sauti yake ya maporomoko. Mtu niliyekuwa nimemzamisha mchana huo.

"Mutu aende kumwambia asikuje," papa alisema. Yeye alikuwa amekatazwa kutoka. Akaniangalia mimi.

Jua lilikuwa bado juu. Mpaka kwenye maporomoko ni mwendo usiofika saa moja, na njia ya nyuma ya msikiti haipiti kwenye bariera. Naijua njia ile. Niliijua hata wakati ule, ingawa baadaye nilijaribu kujishawishi kwamba sikuijua.

"Nitaenda kesho asubuhi," nilisema. "Mapema, kabla hajaondoka. Sasa hivi wametuona, wataniuliza naenda wapi."

"Niende miye," mama alisema.

"Mwanamke peke yake, siku hizi?"

Ni neno zuri, lilisikika kama la mwanaume. Mama alikusanya vipande vya kofia vilivyomwagika, akanikabidhi, nami nikashona mpaka giza likaingia, mishono midogo iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kushona.

Asubuhi niliamka mapema kweli. Nilisali. Nilikunywa chai. Nikaona niongeze kikombe, kwa kuwa safari ni safari. Nikatafuta viatu, kimoja kilikuwa chini ya kitanda na mkanda wake umekatika, na kwa kuwa mimi ni fundi nikaketi kuushona. Nilikuwa nimeshika kiatu hicho mkononi niliposikia vicheko nje.

Nilipotoka mlangoni, waasi walikuwa wamemleta tonton getini. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, kapu kichwani, maji ya samaki yanamdondoka begani. Alidhani ni utani. Mtu aliyefundishwa utani na papa yangu angedhani nini kingine?

"Banasema nilizama!" alipaza sauti. "Miye! Nani alinizamisha?"

Mmoja wa wale waliokuwa wamekaa mkekani akanyoosha kidole kwangu. "Huyu." Kisha akaniuliza, "Huyu ndiyo tonton yako, ao si yeye?"

Tonton akaniona na kiatu mkononi. Akamwona papa amesimama barazani, mikono imekaa kama inashika kitu kizito. Sijui alielewa nini na kwa haraka gani. Alikuwa askari. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, na kabla sijafungua mdomo, akasema yeye:

"Hawa sibajui."

"Jina yako ni ile ile."

"Kule maporomoko hiyo jina tuko nayo batu mingi. Miye nauzisha samaki tu. Nilisikia hapa kuna mama anapenda samaki."

Wakanigeukia. "Unamujua?"

"Hapana," nilisema.

Wakamgeukia papa. Papa hakusema ndiyo wala hapana, alitikisa kichwa tu. Tonton akashusha kapu, akaliweka chini getini, taratibu, kama mtu anayeshusha bomba mwisho wa siku. "Mama," akasema, bila kumwangalia mama, "hii ya leo ni nzuri. Ipike bila kuchelewa." Wakaenda naye kwa njia ya mtoni. Alitembea mbele.

Wapo waliosema aliruka majini wakiwa bado hawajafika mjini, akavuka mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwamba mtu wa Wagenia hawezi kufia ardhini. Wapo waliosema mengine. Serikali ilirudi baada ya miezi michache, na askari wake nao walikuwa na orodha zao, na jambo lile likafunikwa na mambo mengine. Mkewe, niliyemwita tantine, alitafuta Lubunga yote, nyumba kwa nyumba. Mimi sikuenda kutafuta. Nilisema nina kofia za watu.

Samaki mama aliwapika, kwa kuwa aliambiwa. Hakuna aliyekula. Kapu papa alilitundika ukutani juu ya kiti chake.

Hakuniambia neno baya hata mara moja. Ningependa angesema. Jioni moja tu, tumekaa barazani, alisema, kama anaendeleza mazungumzo yaliyoanza zamani, "Miye ndiyo nilimupisha mbele."

"Papa, ni wino wangu. Na ni chai yangu."

"Bomba inatangulia," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa kila siku."

Tangu hapo hakutaka nimsomee mpaka mwisho. Nilipojaribu, aliinua kidole nilipofika kumi na saba, nami nikafunga kitabu. Miaka baadaye alikuja ofisa kijana wa jeshi jipya, mwenye adabu, amesikia kwamba kuna mzee anayejua ukoo wa bataliani ya mizinga. Walitaka kuweka tena vita kwenye bendera. Papa alifurahi mpaka akamwita mama alete nishani kutoka chini ya mafiga. Akamtajia vita vyote vinne, ofisa akaandika. Kisha papa akaniambia, "Sasa msomee watu."

Ofisa akaangalia saa. "Papa, majina ya watu haiingie ku drapeau. Vita tu, inatosha."

Papa akamwambia kwamba ukurasa wa vita ulichomwa, na kwamba labda amekosea, labda haikuwa Saio. Ofisa aliondoka bila kujua aamini nini, na nishani ikarudi chini ya mafiga.

Papa alikufa kitandani kwake, mzee, katika msimu wa mvua kubwa. Siku ya arobaini mtaa mzima ulikuja. Nilisoma upande wa kulia, babu kwa babu, watu wakaitikia. Ningeweza kuishia hapo, na ndivyo wazee walivyotarajia. Nikageuza kitabu. Minong'ono ikapita, kisha ikatulia, maana walimjua papa.

Nikasoma wale kumi na saba. Wakaitikiwa. Nikafika kwenye jina la kumi na nane, jekundu kama nilivyolipamba, na chini yake jina la papa, ambalo sasa lilistahili rangi yake. Nikasimama. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na kaburi, hakuna aliyekuwa ameniambia kwa uhakika kwamba amekufa. Kumruka nisingeweza, kwa kuwa ili nimfikie papa ilikuwa lazima nipite kwake. Na kumsoma nilikuwa nimeshamsoma mara moja.

Watu wakangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitazama ukurasa, na nakiri kwamba nilikuwa naangalia pia mlango wa ndani, kama kawaida yangu.

Tantine alikuwa ameketi na wanawake kule mwisho, na msalaba wake shingoni. Alikuwa amezeeka na kukonda, lakini sauti ilikuwa ileile ya watu wanaozungumza juu ya maji.

"Soma," alisema.

"Tantine, mimi..."

"Ulimusoma akiwa muzima. Sasa unaogopa nini?"

Nikasoma jina lake. Alinitangulia kuitikia, peke yake, wengine wakafuata. Ndipo nikasoma la papa.